Nani Ameshika Kidirisha cha Jiko?

Ulaya na Marekani watu wanabishana kuhusu kifaa kidogo kinachobandikwa ukutani na kuamua nyumba iwe na joto kiasi gani. Wanaokipenda wanasema kinaokoa pesa. Wasiokipenda wanauliza kwa nini kampuni iliyo mbali ijue saa wanayoamka na saa wanayolala. Ukiupeleka ubishi huo Mutomo, kusini mwa Kitui, mwezi wa Februari jua likiwa la utosi, watu watakucheka. Nani anataka kuongeza joto kwa nyumba? Hata Julai, baridi ya asubuhi huisha kwa sweta na kikombe cha chai.

Lakini Ukambani tuna joto letu la nyumbani, na limetusumbua vizazi na vizazi. Ni joto la jikoni. Nalo siku hizi limepata vifaa vyake vyenye akili: mita ya gesi inayofunguka ukilipa kwa simu, jiko la umeme linalojua umepika mara ngapi wiki hii. Kila nikisoma historia ya majiko yetu nakutana na swali moja ambalo wauzaji hawaliulizi. Moto ukiongezwa au ukipunguzwa, ni mkono wa nani umefanya hivyo?

Tuanze na mawe matatu. Susu wangu, yaani nyanya, alipika muthokoi juu ya mawe matatu maisha yake yote. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka ganda likatoka, kisha yakachemshwa na maharagwe au mbaazi. Si chakula cha haraka. Kinaweza kukaa motoni saa tatu, na katika saa hizo moto lazima ubadilike: mkali mwanzoni ili maji yachemke, halafu wa polepole ili punje ziive bila kushika chini ya chungu. Susu hakuwa na kitufe cha kubonyeza. Alisukuma kuni ndani, moto ukapanda. Alizivuta nje, ukashuka. Akitaka moto ulale hadi kesho, aliufunika na majivu. Huo ni udhibiti wa joto kamili, na ulikuwa mikononi mwake.

Sisemi maisha hayo yalikuwa matamu. Kuni zilibebwa mgongoni kutoka mbali, na moshi ulijaa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mtu akikuambia mambo ya kale yote ni dhahabu, muulize kama amewahi kupuliza kuni mbichi wakati wa mvua.

Jiko la pili lilifuata reli. Mwaka 1898 reli ya kutoka Mombasa ilikuwa inakata nchi ambayo leo ni kaunti ya Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Kituo cha Sultan Hamud kilipata jina lake kutokana na Sultani Hamoud wa Zanzibar aliyekuja kutazama reli. Wanaoandika historia ya majiko husema kwamba jiko la makaa la bati lililetwa Kenya na wafanyakazi wa Kihindi waliojenga reli hiyo. Lina umbo rahisi: juu makaa, katikati matundu, chini nafasi ya majivu yenye kidirisha. Ukifungua kidirisha, hewa inaingia na makaa yanawaka. Ukikifunga, makaa yanatulia.

Kidirisha hicho nakipenda kwa sababu kina ndugu mbali sana. Mwaka 1885, huko Minneapolis, Marekani, Albert Butz alibuni kifaa cha kusimamia tanuri la makaa ya mawe lililopasha nyumba joto. Nyumba ikipoa, mota ilivuta mnyororo, mnyororo ukafungua kidirisha cha hewa, na tanuri likawaka zaidi. Nyumba ikipata joto la kutosha, kidirisha kilifungwa. Kutokana na biashara iliyoanza na kifaa hicho ilikuja kutokea kampuni ya Honeywell, na vidhibiti vya ukutani vya leo ni wajukuu wa mnyororo ule. Kwa hiyo mama wa Wote anayesukuma kidirisha cha jiko kwa kijiti na Mmarekani mwenye programu ya joto kwenye simu wanafanya kazi moja. Kilichobadilika ni umbali kati ya mkono na kidirisha.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda miaka ya sabini, na wataalamu walianza kuogopa kwamba kuni na makaa ya maskini nayo yatakwisha. Katika miaka hiyo ndipo jiko tunaloliona leo kila soko lilipozaliwa: jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, maarufu kama Jiko la Kenya. Wazo la udongo ndani ya bati lilitoka Thailand. Mkenya Maxwell Kinyanjui alikuwa kati ya walioligeuza likafaa sufuria zetu na mapishi yetu, na shirika la KENGO likasaidia kulieneza. Matoleo ya kwanza yalipasuka na bei ilikuwa juu. Kisha mafundi wa jua kali wakaingia kazini. Hakuna aliyewadai leseni. Walikunja bati kwa namna yao, wakalipa kiuno chembamba kama ngoma, wakashindana, bei ikashuka. Jiko hilo linaweza kupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi ukililinganisha na la bati tupu.

Tazama akili ya kifaa hiki ilikaa wapi. Ilikaa kwenye udongo, unaoshika joto bila kuambiwa. Kidirisha kilibaki kwa mpishi. Udongo ukipasuka, unapeleka jiko sokoni kwa fundi na kurudi nalo nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna anayekuuliza namba ya kitambulisho.

Makaa yenyewe lakini yalitoka mahali, na mahali hapo mara nyingi palikuwa kwetu. Migunga ya Kitui na ya Kibwezi iliangukia kwenye matanuri ya udongo, ikapakiwa kwenye magunia, ikapanda malori kwenda Nairobi. Januari 2018 Gavana wa Kitui, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa na ya mchanga kutoka kaunti hiyo. Lori la makaa likachomwa moto, wafanyabiashara wa Limuru wakafunga barabara kuu kwa hasira, na magavana wa Kitui na Kiambu wakarushiana maneno. Februari 24 mwaka huo huo serikali ya kitaifa ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku iliyodumu hadi Julai 2023.

Ukiuliza watu wa Kitui kama Ngilu alikosea, utapata majibu mawili na yote ni ya kweli. Mito ilikuwa inakauka na vilima vimebaki uchi. Pia kuna watu waliosomesha watoto kwa makaa na hawakupewa kazi nyingine. Mimi naona la tatu: siku hiyo mama wa Kayole, Nairobi, ambaye hajawahi kufika Kitui, aligundua kwamba kidirisha cha jiko lake kina mkono mwingine. Kopo la makaa lilipanda bei bila yeye kugusa chochote. Waliokimbilia gesi nao wakakutana na serikali huko. Julai 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Ndani ya miaka miwili moto ulipandishwa na kushushwa kutoka bungeni.

Hapo ndipo simu ilipoingia jikoni. M-PESA ilianza Machi 2007. Mwaka 2012 M-KOPA ikaanza kuuza mitambo midogo ya sola kwa mkopo: unalipa kianzio, halafu kama shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mmoja hivi, na mtambo unakuwa wako. Ndani ya kisanduku kulikuwa na laini ya simu. Usipolipa, kampuni inakizima kutoka mbali. Ukilipa, kinawaka tena. Ilikuwa taa, bado haikuwa moto, lakini kanuni ilikuwa imepatikana: kufuli badala ya dhamana. Mtu asiye na hati ya shamba wala payslip akaweza kukopa kwa sababu kitu alichokopa kinajifunga chenyewe.

Kufuli hilo likahamia kwenye gesi. Dar es Salaam, kampuni ya KopaGas ilitengeneza mita ya kukaa juu ya mtungi. Mapema 2020 Circle Gas ikanunua teknolojia hiyo na kuileta Nairobi kwa jina la M-Gas, ikishirikiana na Safaricom. Mtungi uliojaa unaletwa nyumbani. Unatuma pesa kidogo, vali inafunguka. Zikiisha, vali inafungwa. Kampuni inaona gesi inapokaribia kwisha na kuleta mtungi mwingine kabla hujaitisha.

Faida zake si za kubezwa. Anayepata mshahara kwa siku hawezi kutoa elfu moja na zaidi kwa mpigo kujaza mtungi wa kilo 6, lakini hamsini anayo. Kwa miaka mingi maskini amenunua makaa kwa kopo, ghali kuliko tajiri anayenunua gunia, na wakati huo huo akivuta moshi. Mita inampa kipimo kidogo bila moshi, na uchafu wa masizi unaisha. Anayepinga teknolojia hii akiwa ameketi kwenye nyumba yenye mitungi miwili iliyojaa, mimi simsikilizi sana.

Lakini kufuli ni kufuli. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 mvua zilikosekana Ukambani msimu baada ya msimu. Tata mmoja wa ukoo wetu, huko Kathonzweni, Makueni, alikuwa na mtambo wa sola wa mkopo kutoka kampuni mojawapo kati ya nyingi zilizofika kijijini. Mahindi yalipokauka, malipo yalikatika, na taa zikazimika. Kampuni haikumwonea, mkataba ulisema hivyo. Ila paneli ilikuwa juu ya paa lake mwenyewe, jua la bure likiipiga kutwa nzima, na ndani wanakaa na koroboi. Aliuza mbuzi kwa bei ya ukame ili jua lake lifunguliwe. Alituambia, "Deni la duka mwenye duka anaweza kunionea huruma. Hiki kisanduku hakijui kama mvua imenyesha." Sasa weka badala ya taa hiyo sufuria ya muthokoi iliyobakisha saa moja kuiva.

Hasara ya pili ni ya kila mahali. Kifaa kinachotegemea mtandao kinaishi maisha ya mwenye mtandao. Google ilinunua Nest, waliotengeneza kidhibiti joto cha ukutani, kwa dola bilioni 3.2 mwaka 2014. Januari 2016 hitilafu ya programu ilimaliza betri za vifaa hivyo na watu wakaamka kwenye nyumba baridi katikati ya majira ya baridi. Oktoba 2025 Google ikakata matoleo mawili ya kwanza kutoka kwenye programu ya simu. Bado yanafanya kazi ukiyagusa kwa mkono ukutani. Huko kwao angalau mkono ulibakishwa. Vali ya gesi isiyo na mkono ikiachwa na mwenyewe, ni chuma tu.

Ya tatu ni habari. Mita inajua unakula saa ngapi, na ni lini ulikosa. Majiko mengine mapya huhesabu mapishi kwa sababu hesabu hiyo inauzwa ng'ambo kama mikopo ya kaboni. Pesa hizo zinaweza kufanya jiko liwe rahisi kununua, na hilo ni jema. Lakini anayepika ndiye anayezalisha bidhaa hiyo, na sijaona mkataba unaomwambia hivyo kwa Kiswahili, sembuse Kikamba.

Kwa hiyo nakataa mgawanyo wa "jiko la kale" na "jiko lenye akili". Sufuria ya umeme ya presha ina akili nyingi: inapima joto, inajikata yenyewe, inaivisha maharagwe kwa sehemu ndogo ya umeme ambao jiko la kawaida la umeme lingekula. Muthokoi ndio chakula kingefaidi zaidi. Na akili hiyo yote iko ndani ya sufuria, kama vile akili ya Jiko la Kenya ilivyokaa ndani ya udongo. Haipigii mtu simu. Hata kikapu kilichojazwa matambara, unachofunikia sufuria iliyochemka ili iendelee kuiva bila moto, ni kidhibiti joto. Shida inaanza pale akili ya kifaa inapokuja na bwana wake.

Wakala akija kwako Mwingi au Emali na jiko jipya la mkopo, usimfukuze. Mpe kiti na umuulize. Nikimaliza kulipa, kufuli linaondoka au linabaki? Mtandao ukipotea, naweza kuwasha kwa mkono? Mvua ikikosekana, kuna siku za kunisubiri? Kampuni ikifunga, fundi wa sokoni anaweza kulifungua? Akijibu vizuri yote manne, lichukue, moshi tumeuvuta vya kutosha. Akianza kukuonyesha rangi na kioo cha jiko, mshukuru kwa kuja, mpe maji ya kunywa, na muulize bei ya kulinunua taslimu bila kufuli.