Programu Iliyojifunza Kukwepa Kumbukumbu

Leo naomba tuiweke PHP kando kidogo. Nataka kuandika historia ya aina moja ya programu ambayo wengi wetu tunaoandika kodi hapa Nairobi hatujawahi kuiona kwa macho, ilhali inafanya kazi mwendo wa matatu moja tu kutoka katikati ya jiji: kule Upper Hill katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na kule Parklands katika hospitali ya Aga Khan. Ni programu inayopanga miale ya tiba ya mionzi ipite wapi na isipite wapi. Swali langu ni moja: uvimbe ukiwa ndani ya ubongo, mtu anapigwaje mionzi kichwani na bado akabaki na kumbukumbu zake?

Tuanze na kumbukumbu yenyewe. Mwaka wa 1953 huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27 aliyeitwa Henry Molaison, ambaye kifafa kilikuwa kimemtesa miaka mingi. Alitoa sehemu za ndani za ubongo upande wa kushoto na wa kulia, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kidogo kiitwacho hipokampasi. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake farasi wa baharini, kwa sababu ya umbo lake. Kifafa kilipungua. Lakini Molaison hakuweza tena kushika jambo jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi, na kila walipokutana ilibidi ajitambulishe upya. Scoville na Milner waliandika ripoti yao mwaka wa 1957. Kwa lugha yetu sisi wa kompyuta: mengi ya zamani kwenye diski yalisomeka, ila amri ya kuhifadhi ilikuwa imekufa.

Ungedhani wataalamu wa mionzi wangeshtuka papo hapo. Hapana. Ilichukua karibu nusu karne, na sababu yake inaeleweka. Wagonjwa wengi wa aina hii ni wale ambao saratani imetoka kwingine, tuseme kwenye titi au mapafu, ikapanda kichwani. Zamani waliishi miezi michache tu. Nani angeuliza kuhusu kumbukumbu? Tiba ya kawaida ilikuwa kupiga ubongo wote, grei 30 kwa vipindi 10, mwale mmoja kutoka kushoto na mwingine kutoka kulia. Hesabu yake ungeifanya nyuma ya bahasha.

Mashine ya kobalti iliweza kazi hiyo bila shida. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa nayo Kanada mwaka wa 1951, na kwa miongo mingi ndiyo iliyobeba tiba ya saratani katika nchi zetu. Ni mashine imara, haina madaha mengi ya stima. Ila nguvu ya kobalti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, kwa hiyo mgonjwa yule yule, kipimo kile kile, hulala mezani mara mbili ya muda. (Fikiria seva inayopungua kasi kwa nusu kila miaka mitano na hakuna wa kuizuia.) Na ukiipiga kutoka pande mbili, mwanga wake hupita kichwani kama tochi kwenye papai. Hakuna pembe inayobaki gizani.

Hata hiyo tochi si haba. Mwaka wa 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliyonunuliwa 1995, ilikufa kabisa. Aga Khan ya hapa Parklands ikajitolea kutibu Waganda 400 bila malipo. Nalitaja hili ili tusisahau tunaandika kutoka wapi. Kwa watu wengi wa ukanda huu swali la kwanza limekuwa kama mashine ipo. Swali la kumbukumbu huja baadaye, kama mgeni aliyefika baada ya chakula kuisha.

Sasa kompyuta inaingia. Na hapa kuna Mwafrika ambaye hatumtaji vya kutosha. Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, aliitwa mwaka wa 1956 kusaidia hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, siku moja na nusu kwa wiki. Aliona wapangaji wa mionzi wakihesabu kana kwamba mwili ni donge la kitu kimoja, mfupa na mapafu sawa tu. Akajiuliza jinsi ya kujua kilichomo ndani kwa kupima miale inayotoka nje. Makala zake za 1963 na 1964 hazikupata wasomaji wa maana. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, Uingereza, akifanya kazi yake bila kutegemea ya Cormack, aliunda mashine ya CT, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo mwaka wa 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Yaani CT tunayoijua kama mashine ya kutafuta ugonjwa, upande wa Cormack ilianza kama swali la mtu wa tiba ya mionzi.

Mwaka wa 1982 Anders Brahme na wenzake huko Stockholm waligeuza hesabu kichwa chini miguu juu. Badala ya kuchagua miale kisha kuona kipimo kinachotokea, walianza na kipimo wanachokitaka, kisha wakaitafuta miale inayoweza kukileta. Mwaka wa 1989 Steve Webb, Uingereza, aliikabidhi kompyuta utafutaji huo kwa njia inayoiga metali inayopoa polepole. Waliowahi kusimama Kamukunji kwa mafundi wa jua kali wanajua: chuma kikipoa taratibu hutulia vizuri kuliko kikizamishwa majini ghafla. Kompyuta nayo hujaribu mipango ovyo ovyo mwanzoni, hukubali hata iliyo mibaya, kisha hupunguza uhuru huo kidogo kidogo hadi itulie. Kila mpango hupewa alama. Uvimbe ukikosa kipimo, adhabu. Kiungo cha kulindwa kikizidishiwa, adhabu. Baadaye mashine za linaki zilipata vibao vyembamba vya metali vinavyoingia na kutoka kama vidole, vikiuchonga mwale kwa amri ya programu.

Kwa hiyo programu ya kukwepa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia ikwepe hipokampasi. Mwaka wa 2002 Michelle Monje na wenzake walionyesha kwa panya kwamba mionzi huwasha uvimbe-joto ndani ya hipokampasi na kuzuia seli mpya za neva kuzaliwa. Mwaka wa 2009 utafiti wa Houston wenye wagonjwa 58 ulisimamishwa mapema: miezi minne baada ya tiba, waliopigwa ubongo wote pamoja na mwale wa kulenga walikuwa na uwezekano wa 52% wa kudorora katika kujifunza na kukumbuka, dhidi ya 24% kwa waliolengwa uvimbe peke yake. Mwaka wa 2020 matokeo ya wagonjwa 518 yalionyesha kwamba kuikwepa hipokampasi hupunguza hatari ya akili kudorora kwa takriban robo, bila kufupisha maisha. Wote katika utafiti huo walimeza pia memantini, kidonge cha wagonjwa wa Alzheimer, kilichokuwa kimejaribiwa mwaka wa 2013 kwa wagonjwa wa mionzi. Kidonge hakihitaji linaki.

Nilianza kuyasoma haya kwa sababu ya mwenzangu kazini. Mama yake huuza mboga soko la Kangemi, na daftari lake la madeni liko kichwani. Saratani ya titi ilipopanda ubongoni, hakumuuliza daktari ataishi miaka mingapi. Aliuliza, "Daktari, nitajua nani ananidai na ni nani ninayemdai?" Nadhani hilo ndilo swali sahihi kabisa. Jibu lilitegemea mambo ambayo familia nyingi hazijui kuyaulizia: madoa ni mangapi, je, yanaweza kulengwa moja moja, je, yako mbali na hipokampasi (yakiwa karibu, kuikwepa ni kuuacha uvimbe), je, ipo picha ya MRI ya vipande vyembamba, na nani atakaa kuichora hipokampasi kabla ya programu kuanza kazi. Foleni ikiwa ndefu, saa za mchoraji huyo ndizo adimu kuliko mashine yenyewe.

Kisha kuna kipimo cha kumbukumbu. Kile kilichotumika katika tafiti hizo ni orodha ya maneno 12, makundi matatu ya maneno manne manne, inayosomwa mara tatu na kuulizwa tena baada ya dakika kama 20. Katika mojawapo ya orodha za Kiingereza, kundi moja ni vito vya thamani. Aliyewahi kutafsiri programu kwa Kiswahili anaona tatizo mara moja. Huwezi kumpa muuza mboga wa Kangemi majina ya vito vinne, akavisahau, ukaandika kwamba mionzi imemharibu. Kundi lazima liwe la vitu anavyovishika kila siku, tuseme sufuria, mwiko, kijiko na kisu. Na orodha ya pili atakayopewa baada ya tiba iwe na uzito sawasawa na ya kwanza, la sivyo unapima orodha, humpimi mama.