Mtangazaji wa mpira, macho ya asiyekuwepo uwanjani

Agosti 26, 1979, Taifa Stars ilikuwa Ndola, Zambia. Ilishashinda 1-0 Dar es Salaam, sare tu ingetosha kuipeleka Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilikuja kuipata 1994. Kwa mtu wa Miyuji, enzi hizo kijiji kilichojitenga na mji wa Dodoma, mechi kama ile ilikuwa ni redio. Betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili zisije zikakata kipindi cha pili. Peter Tino wa Stars aliposawazisha dakika za mwisho, aliyekuwa mbali na uwanja alilipata bao hilo kinywani mwa mtangazaji.

Mitaani siku hizi wanamwita komenteta. Jina hilo asili yake ni Kilatini, na kwa karne nyingi halikuhusiana na michezo hata kidogo. Aliyeitwa hivyo ni msomi aliyekaa na kitabu kigumu akakifafanua kipande kwa kipande. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki 1198, alifafanua vitabu vya Aristotle kwa kina hata wanazuoni wa Ulaya wakawa wanamtaja kwa cheo hicho peke yake, Mfafanuzi, na kila msomi akajua ni nani.

Redio ndiyo iliyolihamishia jina hilo uwanjani. Januari 1927, BBC ilimkabidhi Teddy Wakelam maikrofoni, kwanza kwa raga ya Uingereza na Wales, kisha wiki moja baadaye kwa soka, Arsenal na Sheffield United. Gazeti la Radio Times lilichapa ramani ya uwanja iliyogawanywa vyumba vyenye namba, na sauti ya pili ikawa inataja mpira uko chumba kipi. Kwenye raga ile walimketisha karibu na Wakelam mtu asiyeona, aelezewe yeye. Sijui somo la utangazaji linaloshinda hilo.

Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam walilielewa somo hilo vizuri. Ahmed Jongo na Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, walikuwa mafundi: nani anao mpira, yuko winga ya kulia au kushoto, anashambulia lango la kaskazini au la kusini, nani anamkaba. Msikilizaji aliijua ramani ya Uwanja wa Taifa bila kufika Dar es Salaam.

Leo kazi imegawanyika. Kutangaza ni kwa mtangazaji, kufafanua ni kwa mchambuzi anayekaa pembeni yake. Kwenye televisheni mgawanyo huo hauna tatizo, picha ipo. Redioni unaumiza. Wawili hao wakianza kubishana kuhusu usajili wakati mpira unatembea, dereva bodaboda wa Miyuji aliyeegemea pikipiki yake na simu sikioni hajui hata timu yake inashambulia au inashambuliwa.