Historia ya Sindano ya Kuchukulia Kinyama: Kutoka Cordoba Hadi Butaro



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi, mama anapogundua uvimbe kwenye titi, mara nyingi kinachoitia hofu familia si uvimbe wenyewe bali sindano. Wapo wanaosema kuwa uvimbe ukishachomwa ndio umeamshwa. Basi hungojwa wiki, kisha mwezi, na uvimbe unaendelea kukua. Katika makala hii tutazame historia ya sindano hiyo, ili tuelewe kuwa waliohangaika nayo kwa muda wa miaka elfu moja walikuwa na lengo moja: kujua kilichomo ndani ya mwili bila ya kuupasua.

Mwanzo wake kwa waganga wa Kiislamu

Abul-Qasim al-Zahrawi alizaliwa yapata mwaka 936 huko Madinat al-Zahra, karibu na Cordoba katika Andalusia. Kitabu chake, al-Tasrif, kina juzuu 30, na ya mwisho inahusu upasuaji, ikiwa na michoro ya vyombo vipatavyo 200. Alipoeleza uvimbe wa shingo, yaani rovu, alitofautisha aina zake, akaonya kuwa nyingine ni hatari kukatwa, na akaelekeza ichunguzwe kwanza kwa chombo chembamba chenye ncha. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi wa tiba humhesabu miongoni mwa watangulizi wa kipimo hiki.

Katika zama hizo hizo, Ammar bin Ali al-Mawsili, mtu wa Mosul aliyefanya kazi Misri, alieleza sindano ya chuma yenye tundu ndani, ya kunyonyea mtoto wa jicho. Hapa tayari tunaona mambo mawili muhimu: ncha inayopenya na tundu linalotoa kitu nje.

Tatizo la mafundi

Sindano yenye tundu kama tuijuavyo leo ilianza kutumika Ulaya katika karne ya 19: Francis Rynd mjini Dublin mwaka 1844, na Alexander Wood mjini Edinburgh mwaka 1853. Lakini hizo zilikuwa za kuingiza dawa. Mwaka 1930 madaktari Hayes Martin na Edward Ellis, wa Memorial Hospital ya New York, waliandika jinsi walivyochoma uvimbe kwa sindano ya geji 18, yenye unene wa milimita 1.3 hivi, wakanyonya chembechembe kwa bomba la sindano.

Njia hiyo ilikuwa nyepesi, ila ilikuwa na upungufu. Chembe zilizonyonywa ni kama matofali yaliyobomolewa: unayaona matofali, lakini huioni nyumba ilivyojengwa. Daktari wa patholojia mara nyingi anahitaji kuona chembe zikiwa zimepangana kama zilivyo mwilini. Mwaka 1938 Irving Silverman alileta sindano yenye ulimi uliopasuliwa sehemu mbili, unaobana kinyama kizima na kutoka nacho. Baadaye ikaja sindano yenye pengo ubavuni: inaingia, nyama inakaa kwenye pengo, kisha ala ya nje yenye makali inateleza juu yake, inakata na kukifunika kinyama humo ndani.

Bado mkono wa daktari ulikuwa tatizo, kwani ukitetemeka au ukichelewa, kinyama huchanika. Mwaka 1982 Per Gunnar Lindgren wa Uppsala, Sweden, alieleza chombo chenye springi kinachofyatua sindano na ala yake kwa kasi. Ndiyo maana leo mgonjwa husikia mlio wa "ta!" baada ya kupigwa ganzi. Kwa titi hutumiwa mara nyingi geji 14, yaani milimita 2 hivi. Kwa geji, namba ikizidi kuwa kubwa, sindano huzidi kuwa nyembamba.

Ama ile hofu ya kueneza saratani, katika uvimbe wa titi jambo hilo ni nadra sana. Zipo sehemu chache za mwili ambazo madaktari huepuka kuzichoma, na wao wanazijua.

Kwetu Rwanda

Sindano nzuri peke yake haitoshi. Lazima awepo wa kukisoma kinyama. Mwezi wa Julai 2012 kilifunguliwa kituo cha saratani katika hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini karibu na mpaka wa Uganda. Katika miaka ya mwanzo vinyama vilisafirishwa hadi Boston, Marekani, kusomwa huko, kisha majibu yakarudishwa. Baadaye maabara ya Butaro yenyewe ikajengewa uwezo, na Chuo Kikuu cha Rwanda kikaanza kufundisha mabingwa wa patholojia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusu wagonjwa 144 wa saratani ya titi katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu. Nusu yao walichukua miezi 15 au zaidi tangu walipoona dalili hadi ugonjwa kuthibitishwa. Sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na wagonjwa kukawia nyumbani, na sehemu ilitokana na huduma zenyewe, kwani wengi walikwenda na kurudi vituo vya afya mara nyingi kabla ya kupimwa.

Tuyapime mambo haya mawili, ndugu zangu. Sindano ni kazi ya dakika chache na jeraha dogo. Miezi 15 ni muda wa saratani kutoka kwenye titi na kufika kwapani, na hata mbali zaidi.

Kwa hiyo akina baba, msimwachie mama jambo hili peke yake. Mfuatane naye. Mwambieni daktari kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na muulize: kinyama kinasomwa wapi, na majibu ni lini? Siku hiyo ikifika, yafuateni. Nanyi wanafunzi, kazi aliyoianza al-Zahrawi haijaisha: wanahitajika wa kuitengeneza sindano, na wanahitajika zaidi wa kukisoma inachokitoa.

Wabillahi tawfiq.