Mwanga wa Kijani na Hesabu Yake

Historia ya fluoresensi inaanza na kwinini, dawa chungu ya malaria. Mwaka 1845 John Herschel alieleza jinsi maji yaliyoyeyushiwa kwinini yanavyotoa ung'avu wa buluu juani, ilhali yenyewe hayana rangi. Miaka saba baadaye, mwaka 1852, George Gabriel Stokes wa Cambridge alionyesha kwamba vitu vya namna hiyo humeza mwanga wa mawimbi mafupi na kutoa mwanga wa mawimbi marefu zaidi. Ndiye aliyeupa mng'aro huo jina la fluoresensi. Vyombo vinavyopima mng'aro wa bakteria hadi leo vinategemea tofauti hiyo: kichujio kimoja huchagua mwanga unaoingia, kingine hupitisha ule unaotoka tu.

Mwanzoni wataalamu wa bakteria waliutumia mng'aro kutambulia, si kupimia. Mwaka 1954 King, Ward na Raney walitangaza vyakula viwili vya kuoteshea Pseudomonas, na kimojawapo, King B, kingali kikitumika. Sahani yenye chakula hicho hung'aa rangi ya kijani-njano chini ya taa ya urujuanimno. Kinachong'aa ni rangi ambayo bakteria hao huitoa ili kunasa madini ya chuma, na chuma kikiwa tele, mng'aro hufifia. Kwa hiyo aina ileile ya bakteria ingeweza kung'aa au kufifia kulingana na ilichokula tu.

Kipimo chenyewe kilitoka baharini. Mwaka 1961 Osamu Shimomura na Frank Johnson walivua yavuyavu wa Aequorea kwa maelfu huko Friday Harbor, katika jimbo la Washington, Marekani. Walikuwa wakitafuta protini inayotoa mwanga wa buluu. Ile ya kijani, ambayo leo huitwa GFP, ilitajwa kama jambo la pembeni katika makala yao ya 1962. Ilikaa pembeni kwa miaka 30. Mwaka 1992 Douglas Prasher alisoma jeni yake yote, yenye maelekezo ya asidi amino 238, na mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaiingiza katika bakteria Escherichia coli. Bakteria waling'aa bila kuongezewa kitu chochote kutoka kwa yavuyavu.

Furaha hiyo ilifuatwa upesi na masharti. Mwaka huohuo Roger Tsien na wenzake, Prasher akiwamo, walionyesha kwamba GFP haing'ai mpaka ipate oksijeni. Bakteria waliooteshwa bila hewa walikuwa na protini lakini hawakuwa na mwanga. Walipoachiwa hewani, wakaanza kung'aa polepole. Jambo hilo si dogo kwa anayepima. Mchuzi wa kuoteshea uliojaa bakteria humaliza oksijeni yake haraka, na chupa isiyotikiswa vizuri huonekana kama yenye bakteria wavivu, kumbe wamekosa pumzi tu. Joto nalo lilileta utata wake: kwa nyuzi 37, zinazowafaa E. coli, protini ya asili ya yavuyavu, mnyama wa bahari yenye baridi, ilikunjika vibaya na sehemu yake ikaganda kuwa vidonge visivyong'aa.

Tiba ilikuwa kuibadilisha protini. Ile ya asili ilimeza mwanga zaidi kwenye nanomita 395 na kidogo kwenye 475. Mwaka 1995 kundi la Tsien lilibadili asidi amino moja, ya 65, likapata protini yenye kilele kimoja karibu na 489, inayokomaa haraka zaidi. Mwaka uliofuata Cormack, Valdivia na Falkow walichagua mabadiliko yanayokunjika vizuri ndani ya bakteria na kuitika vyema kwa leza ya nanomita 488. Protini nyekundu ya matumbawe, DsRed, iliyotangazwa 1999, ilirudisha nyuma mambo kwa upande mmoja: ilihitaji zaidi ya siku nzima kukomaa, muda ambao E. coli huwa wamezaana vizazi vingi.

GFP pia haiozi haraka. Seli huibeba kwa muda mrefu baada ya jeni kuzimwa, hivyo mng'aro wa sasa huweza kuwa habari ya saa zilizopita. Mwaka 1998 Andersen na wenzake waliitengenezea mikia mifupi inayowaita vimeng'enya vya bakteria kuivunja, ili mwanga ufuate jeni kwa karibu zaidi.

Mchuzi nao una mng'aro wake. Mchuzi uitwao LB, uliobuniwa na Giuseppe Bertani na kutangazwa 1951, una dondoo ya hamira, na hamira ina riboflavini, yaani vitamini B2, inayong'aa katika eneo lilelile la kijani. Ndiyo maana wapimaji wengi huhamia chakula chepesi cha chumvi na sukari, au huweka kando kishimo kimoja cha sahani ya kupimia chenye bakteria wasio na GFP ili kuondoa mng'aro wao katika hesabu. Asidi itokanayo na ukuaji hufifisha mwanga. Bakteria wakisongamana sana, humeza na kutawanya sehemu ya mwanga kabla haujakifikia kipokezi.

Sahani hiyo ya vishimo nayo ina historia. Gyula Takátsy alichonga ya kwanza nchini Hungary mwaka 1951, ikiwa na vishimo 72. Nyingi za leo zina 96, na wapimaji huzichagua zenye kuta nyeusi ili mwanga wa kishimo kimoja usivuje kwa jirani.

Tatizo la mwisho lilikuwa kwamba kila chombo kilitoa namba zake. Kuanzia 2014 mashindano ya wanafunzi ya iGEM yaliziomba maabara zipime vinasaba vilevile. Fluoreseini, rangi iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871, ikawa kipimo cha kulinganishia mwanga. Kwa idadi ya seli zilitumika chembe za silika zenye ukubwa unaokaribia wa bakteria, na matokeo ya maabara 244 yakatangazwa 2020. Fluoreseini inafaa kijani pekee. Kwa protini nyekundu ilibidi itafutwe rangi nyingine, sulforodamini 101, na kila chombo kikapimwa upya.