Pairojeni

Pairojeni ni kitu chochote kinachomtia mtu homa kikiingia mwilini mwake. Katika dawa za sindano na maji ya dripu, inayoogopwa zaidi ni endotoksini, sumu iliyomo katika ukuta wa nje wa bakteria wa kundi la gramu-hasi. Bakteria hufa, sumu ikabaki. Mvuke wa nyuzi 121 unaoua vijidudu hauiondoi. Chupa tupu huokwa kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa ndipo ziaminike. Kwa hiyo dawa isiyo na kijidudu hata kimoja bado inaweza kumwacha mgonjwa akitetemeka kitandani.

Zamani madaktari walidhani homa hiyo huletwa na dawa yenyewe. Fumbo lilifumbuliwa na Florence Seibert wa Marekani, aliyehitimu uzamivu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1923. Sungura wake walipata homa walipodungwa maji yaliyokenekwa, ambayo kila mtu aliyaona safi. Seibert alitambua kwamba maji yanapotokota, vitone vidogo mno huruka pamoja na mvuke na kubeba uchafu wa bakteria hadi kwenye chombo cha pili. Akaweka kizuizi cha kuvinasa. Homa ikakoma.

Kipimo cha sungura kiliingia katika kitabu rasmi cha dawa cha Marekani mwaka 1942: sungura watatu hudungwa dawa inayopimwa kwenye mshipa wa sikio, kisha joto lao hupimwa kwa saa tatu.

Mrithi wake alitoka baharini. Frederik Bang na Jack Levin waligundua kwamba damu ya limulasi, mnyama mwenye gamba la umbo la kwato ya farasi, huganda ikikutana na endotoksini. Damu hiyo ni ya buluu, kwa kuwa hubeba shaba badala ya chuma. Mpimaji huchanganya dawa na kiowevu cha seli za damu hiyo, huiacha tyubu kwenye nyuzi 37 kwa saa moja, kisha huipindua juu chini taratibu. Donge likishikilia, dawa ina endotoksini.

Baadhi ya limulasi hufa kwa kukamuliwa damu, hasara isiyo ndogo. Watafiti wa Singapore, Ding Jeak Ling na Ho Bow, walitengeneza maabarani protini inayofanya kazi hiyo, na kitabu cha dawa cha Ulaya kimeikubali tangu 2021.

Kikomo cha kawaida ni yuniti 5 za endotoksini kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa saa. Kwa sindano ya uti wa mgongo, kama ile ya ganzi anayochomwa mama kabla ya upasuaji wa kujifungua, hushuka hadi 0.2.