Kutoka Banque de Kigali hadi BK Group: Umiliki na Utekelezaji wa Mkakati, 1966–2018

Banque de Kigali ilipoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa mali ya wabia wawili waliogawana hisa nusu kwa nusu: Serikali ya Rwanda na Belgolaise, benki ya Ubelgiji. Ubia wa aina hiyo huleta utulivu, lakini hauna mwenye neno la mwisho. Kwa miongo minne benki hiyo ilibaki benki ya biashara ya mjini.

Pigo la 1994 lilikuwa la namna nyingine kabisa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwaondoa wafanyakazi, wadaiwa na wenye amana kwa pamoja, na serikali iliyokimbilia Zaire ilibeba fedha taslimu za nchi. Mwanzoni mwa 1995 noti mpya zilitolewa ili zile zilizobebwa zikose thamani. Katika miaka hiyo kazi ya uongozi ilikuwa kufungua milango tena, mkakati ulisubiri.

Mageuzi yenyewe yanaanzia 2007, na kwa njia inayoonekana kwenda kinyume. Belgolaise ilikuwa inaondoka Afrika, na Serikali ikanunua hisa zake. Benki ikawa mali ya umma mwaka uleule Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Ecobank ikaingia Kigali kwa kununua benki iliyokuwapo. KCB ya Kenya ilifuata 2008. Wanaosimulia habari hii kama ushindi wa ubinafsishaji husahau kwamba hatua ya kwanza ilikuwa kutaifisha. Umiliki mmoja uliondoa mkwamo wa nusu kwa nusu, na uongozi wa James Gatera ukapata mtu mmoja wa kumjibu.

Miaka minne baadaye, mwaka 2011, asilimia 45 ya hisa zilitolewa kwa umma. Benki ikawa kampuni ya pili ya nyumbani kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Rwanda, baada ya Bralirwa, na jina lake la Kifaransa likaachia nafasi lile la Kiingereza. Maana ya hatua hiyo haikuwa mtaji tu. Mpango uliokuwa siri ya ofisi ya mkurugenzi uligeuka kuwa ahadi yenye tarehe, inayopimwa hadharani kila hesabu zinapochapishwa. Menejimenti inayosomwa hivyo hutekeleza. Hata hivyo, hutekeleza kwanza kile kinachopimwa: amana, mikopo, faida. Mkulima mdogo wa vilimani hakuonekana kwa urahisi katika hesabu hizo. Aliyemfikia alikuwa SACCO ya Umurenge, ushirika wa akiba na mikopo uliopangwa kuwapo katika kila mmoja wa mirenge 416 ya nchi.

Hapa ndipo awamu iliyofuata ina mvuto wake. Mwaka 2016 uongozi ulichukuliwa na Diane Karusisi, mchumi aliyekuwa mkuu wa mikakati na sera katika Ofisi ya Rais. Benki ikajipanga upya kuwa BK Group, yenye kampuni ya teknolojia, BK TecHouse. Kampuni hiyo ilishirikiana na taasisi za kilimo za Serikali kujenga Smart Nkunganire, mfumo wa kidijitali wa ruzuku ya pembejeo, unaomwezesha mkulima kujisajili na kuagiza mbegu na mbolea kwa simu ya kawaida. Benki haikumfikia mkulima kwa tawi. Ilimfikia kupitia mfuko wa mbolea. Lakini kusajiliwa kwa ajili ya ruzuku si kukopeshwa, na ni katika pengo hilo ambapo utekelezaji wa mkakati huu unastahili kupimwa.

Novemba 2018 hisa za BK Group zilianza kuuzwa pia katika Soko la Hisa la Nairobi. Miongoni mwa wanahisa wakubwa bado walikuwamo Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda na Mfuko wa Agaciro. Kwa hiyo dola ilikuwa, kwa wakati mmoja, mwanahisa kupitia mifuko yake, mtoaji wa ruzuku na mwenye sera ambayo benki ilikuwa ikiitekeleza. Mshauri anayetaka kuupeleka mfano huu Dodoma au Kampala atalazimika kwanza kuuliza nani, huko, anashika nafasi hizo tatu.