Kasoko au Kaldera?

Barabara ya lami kutoka Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, ikapita Rhotia na Karatu hadi lango la Ngorongoro. Njia nzima watu huiita Ngorongoro "kreta". Vitabu vya shule huandika "kasoko".

Kasoko ni tundu la volkano linalotoa zaha na majivu. Ngorongoro haikutokea hivyo. Zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, miamba iliyoyeyuka chini ya mlima ilipungua, kilele kikakosa egemeo, kikadidimia. Kilichobaki, chenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600, ni kaldera.

Kasoko hai iko jirani, kwenye Mlima Ol Doinyo Lengai, uliorusha majivu mwaka 2007 na 2008.

Majina sahihi yana uzito, hasa siku ya maafa. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilipofunika sehemu ya mji wa Katesh na kuua watu, serikali ililazimika kueleza kwamba si volkano, bali ni maporomoko ya udongo. Kwenye maporomoko, usalama ni kuhama njia ya maji mapema. Walimu wa Rhotia, wafundisheni watoto maneno haya pamoja na hatari zake.